Sura ya Saba: Kiambere Mbili

Mwambie dereva wa teksi katikati ya Nairobi akupeleke Kiambere, naye atapanda na wewe Upper Hill hadi Barabara ya Kiambere, penye maghorofa ya ofisi. Mwulize mwendesha bodaboda wa Kiritiri swali hilohilo, naye atakuteremsha kwenye nyanda za joto za Mbeere Kusini, katika Kaunti ya Embu, kunakolimwa ndengu na mbaazi, mpaka ukingo wa Mto Tana lilipo bwawa la umeme. Wote wawili wamekujibu sawasawa. Jina ni moja, majibu ni mawili, na kila jibu ni la kweli pale lilipotolewa.

Kompyuta zinazofanya kazi mbali na ofisi hukutana na jambo hili kila asubuhi. Mfanyakazi anafungua laptopu, anaunganisha VPN, alama ya kijani inawaka, lakini mfumo wa hesabu haufunguki. Anapiga simu ofisini. "Madam, mtandao wa huko kwenu uko chini," anaambiwa. "Lakini bando ninayo, na WhatsApp inaingia," anajibu. "Basi zima uwashe tena." Anazima, anawasha, na hali ni ileile. Kufikia saa sita meneja ameanza kuwaza kwamba kazi za mbali haziwezekani mashambani.

Sura hii inahoji kwamba mara nyingi lawama hiyo imeelekezwa pasipostahili. Mtandao upo, VPN ipo, ofisi ipo. Kilichokosekana ni uamuzi mmoja ambao hakuna aliyekaa chini kuufanya: jina hili aulizwe nani? Uamuzi huo hauhitaji mtambo mpya wala pesa nyingi. Unahitaji mtu aelewe jinsi majina yanavyotafsiriwa, kisha apange kila swali liende kwa anayelijua jibu.

Safari ya jina

Kompyuta hazisafiri kwa majina. Husafiri kwa namba, na jina lolote unaloandika lazima kwanza ligeuzwe kuwa anwani ya namba. Katika miaka ya mwanzo ya mtandao wa ARPANET, kazi hiyo ilifanywa na faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kundi la Elizabeth Feinler katika Stanford Research Institute kule California. Aliyetaka mashine yake ijulikane aliwaarifu, wao wakaliongeza jina lake, na wengine wote wakachukua nakala mpya ya faili. Mashine zilipoongezeka, faili hilo likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alichapisha mpango wa kuigawa kazi: pasiwe na orodha moja ya dunia nzima, bali kila sehemu itunze majina yake yenyewe na ijue tu ni nani wa kuulizwa kuhusu sehemu nyingine. Huo ndio mfumo wa DNS tunaoutumia hadi leo.

Utaona ugawaji huo ukifuatilia jina moja. Ukiandika embu.go.ke, laptopu yako huuliza seva ya majina iliyo karibu, kwa kawaida ya kampuni ya simu. Seva hiyo, ikiwa haina jibu, huuliza seva za shina, ambazo zinajua tu ni nani anayeshughulikia .ke. Wa .ke huielekeza kwa wa go.ke, na hivyo hivyo mpaka ipatikane seva yenye mamlaka juu ya jina lenyewe. Jibu hurudi likiwa na muda wa kuishi, labda dakika tano, labda siku nzima, na katika muda huo huwekwa akiba ili swali lisirudiwe.

Kenya ilipewa .ke mwaka 1993, na mwanasayansi wa kompyuta Shem Ochuodho ndiye aliyeisimamia katika miaka ya mwanzo. Baadaye usimamizi ukakabidhiwa KeNIC, taasisi iliyoundwa mwaka 2002 kwa kazi hiyo. Wakati huohuo watoa huduma za intaneti walikuwa wakipigania jambo lingine linalohusiana na hili. Kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, kilifunguliwa Nairobi mwaka 2000 ili ujumbe wa Mkenya kwa Mkenya usilazimike kuzunguka ng'ambo kwa setilaiti. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati huo, ikalalamika, mdhibiti akaamuru kifungwe, na hakikufunguliwa tena mpaka mwaka 2002. Leo nakala za seva za shina zimo Nairobi, na kampuni kubwa za video na mitandao ya kijamii huweka akiba za maudhui yao humo humo.

Nimeitaja historia hiyo kwa sababu mpangaji wa VPN anaweza kuibatilisha kwa mstari mmoja wa usanidi. Nchi ilihangaika kuyaleta majibu karibu, halafu ofisi inaamuru laptopu iliyo Mbeere ikaulize kila kitu London.

Majina ambayo dunia haiyajui

Ofisi ina majina ya aina mbili. Ya kwanza ni ya hadharani, kama tovuti, ambayo yeyote duniani anaweza kuyauliza. Ya pili ni ya ndani: seva ya mafaili, mfumo wa mishahara, printa, hifadhidata. Haya hutunzwa na seva ya majina iliyo ndani ya ofisi, na huelekeza kwenye anwani za faragha, zile zinazoanza na 10, au 192.168, au zilizo kati ya 172.16 na 172.31. Anwani hizo zilitengwa rasmi mwaka 1996 katika waraka uitwao RFC 1918 ili kila shirika lizitumie ndani yake bila kuomba ruhusa. Haziwezi kufikiwa moja kwa moja kutoka intaneti, na hilo ni kwa makusudi.

Tuchukue ofisi ya kubuni yenye jina mfano.co.ke. Seva yake ya hesabu inaitwa hesabu.ndani.mfano.co.ke na anwani yake ni 10.20.0.15. Seva ya majina ya ndani iko 10.20.0.53. Mhasibu wa ofisi hii amehamia Kiambere kumtunza mzazi, na anafanya kazi kwa hotspoti ya simu. VPN inamjengea handaki: mawasiliano yake yanafungwa kwa siri, yanapita kwenye intaneti ya kawaida, na kufunguliwa ofisini. Lakini handaki hubeba tu kile kilichoelekezwa kwake. Ikiwa swali la "hesabu.ndani.mfano.co.ke ni nani?" litatumwa kwa seva ya kampuni ya simu, seva hiyo itajibu kwa uaminifu kabisa kwamba jina hilo halipo. Handaki liko wazi, ila laptopu haijui iliingie kwa anwani gani.

Njia tatu za kupanga

Msimamizi wa mtandao ana njia tatu mbele yake. Kila moja ina bei, na bei ya Kiambere si sawa na ya Upper Hill.

Ya kwanza ni kuyapeleka maswali yote ofisini. VPN ikiwaka, laptopu inaacha kabisa seva ya kampuni ya simu na kuuliza 10.20.0.53 kila jina, la kazi na lisilo la kazi. Ni rahisi kupanga, na majina ya ndani hufunguka. Lakini kila swali sasa linapanda handakini kwanza. Kama ofisi iko Nairobi, ucheleweshaji ni mdogo. Kama mwajiri yuko London, swali na jibu huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi, na ukurasa mmoja wa tovuti unaweza kuhitaji majina kadhaa kabla haujakamilika. Kuna gharama nyingine iliyojificha. Kampuni nyingi za maudhui huchagua seva ya kukuhudumia kwa kuangalia swali la jina limetoka wapi. Likitoka London, utapewa seva ya London, ingawa nakala ya kilekile unachokitaka iko Nairobi. Aliye Kiambere ataambiwa intaneti yake ni ya polepole, na chanzo ni usanidi.

Ya pili ni kuyaacha maswali yote kwa kampuni ya simu. Intaneti ya kawaida inakwenda vizuri, lakini majina ya ndani hayafunguki, na watu wanaanza kuandikiana namba kwenye karatasi: hesabu ni 10.20.0.15, mafaili ni 10.20.0.18. Siku seva inapohamishwa, karatasi zote zinapitwa na wakati. Zaidi ya hayo, kila jaribio la kufungua jina la ndani huvuja nje. Seva ya kigeni sasa inajua kwamba ofisi yako ina mashine inayoitwa mishahara, na nyingine inayoitwa hifadhidata. Yaliyomo hayajaibwa, ila orodha ya milango imeshasomwa.

Ya tatu ni mgawanyo. Jina lolote linaloishia na ndani.mfano.co.ke linaulizwa kwa seva ya ofisi kupitia handaki, na mengine yote yanaulizwa kwa seva iliyo karibu. Ndiyo njia ninayoipendekeza kwa karibu kila mfanyakazi wa mbali. Isipokuwa tu pale ambapo sheria au hatari ya kazi inadai kila kitu kipite ofisini, kwa mfano kompyuta ya kusimamia mitambo. Hapo uzito wa usalama unashinda wepesi, na mtumiaji aambiwe hivyo waziwazi.

Faida ya mgawanyo haiishii kwenye kasi. Unalinda pande mbili kwa wakati mmoja. Majina ya ofisi hayavuji kwa watu wa nje, na maisha ya mfanyakazi hayavuji kwa ofisi. Mtu anayeuliza majina yake yote kwa seva ya mwajiri anamwonyesha mwajiri tovuti ya hospitali aliyoitafuta usiku, ya benki yake, ya kanisa au msikiti wake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi maalumu na kwa kiasi kinachohitajika tu. Mwajiri asiyekusanya asichokihitaji hana haja ya kujieleza baadaye.

Kuandika mgawanyo wenyewe

Kwenye Windows, chombo cha kazi hii ni jedwali la sera za majina, NRPT. Mstari mmoja wa PowerShell unatosha:

Add-DnsClientNrptRule -Namespace ".ndani.mfano.co.ke" -NameServers "10.20.0.53"

Ile nukta ya mwanzo ni muhimu, kwa kuwa ndiyo inayosema "kila jina lililo chini ya hili". Bila sera ya aina hii, Windows za kuanzia toleo la 8 zina tabia ya kutuma swali moja kupitia njia zote za mtandao zilizo wazi, na hapo majina ya ndani huvuja hata VPN ikiwa imewaka.

Kwenye Linux yenye systemd-resolved, handaki la WireGuard hupangwa kwa kuongeza mistari miwili hii katika faili lake:

PostUp = resolvectl dns %i 10.20.0.53
PostUp = resolvectl domain %i ~ndani.mfano.co.ke

Alama ya wimbi mbele ya jina inamaanisha kwamba jina hilo litumike kuelekeza maswali. Ukiandika badala yake mstari wa kawaida wa "DNS =", wg-quick itayachukua maswali yote ya mashine, na utakuwa umerudi kwenye njia ya kwanza bila kukusudia. Kwenye Mac, faili dogo lenye jina la kikoa hicho hicho ndani ya /etc/resolver, likiwa na mstari "nameserver 10.20.0.53", linafanya kazi hiyo hiyo. OpenVPN huweza kusukuma taarifa hizi kutoka kwenye seva yake, kwa dhcp-option DNS na dhcp-option DOMAIN. Ila kwenye Linux, kwa miaka mingi, programu hiyo ilipokea taarifa bila kuzitekeleza mpaka iongezewe skripti ya kusasisha majina, na mafundi wengi wamepoteza siku hapo.

Sasa tuje kwenye mitego. Ndiyo inayoleta simu nyingi kutoka mashambani.

Mtego wa kwanza: njia ya kuifikia seva ya majina imesahauliwa. Umeiambia laptopu iulize 10.20.0.53, lakini orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupita handakini haina 10.20.0.53. Swali linatumwa kwenye intaneti ya kawaida na kupotea. Hakikisha anwani hiyo imo katika AllowedIPs, na kwamba ukuta wa moto wa ofisi unaruhusu mlango namba 53 kwa UDP na kwa TCP pia. Majibu makubwa hubadili kutoka UDP kwenda TCP, kwa hiyo anayefungua UDP peke yake atapata mfumo unaofanya kazi kwa majina mengine na kukataa mengine.

Mtego wa pili: anwani zinazogongana. Ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani zikitumia 192.168.1, na ruta ndogo za mfukoni za Huawei hutumia 192.168.8. Ofisi iliyochagua 192.168.1 kwa seva zake imejitafutia taabu, maana laptopu ya nyumbani itadhani seva ya hesabu iko sebuleni. Jina litatafsiriwa sawasawa, anwani itakuwa sahihi, na bado mlango hautafunguka. Dawa ni ofisi kuchagua kipande kisicho cha kawaida ndani ya anwani za 10, na kukichagua mapema, kwa sababu kuhamisha anwani za ofisi nzima baadaye ni kazi ya wiki.

Mtego wa tatu: akiba ya jibu la "hakuna". Seva za majina huhifadhi hata jibu la kukosa, utaratibu uliowekwa sawa mwaka 1998. Mhasibu akifungua mfumo wa hesabu kabla VPN haijawaka, laptopu huambiwa jina halipo na kulikumbuka jibu hilo. VPN ikiwaka dakika moja baadaye, bado inarudia jibu la zamani. Kwenye Windows, ipconfig /flushdns huifuta akiba hiyo. Bora zaidi, VPN iwashwe yenyewe mashine inapofunguliwa, ili mtumiaji asihitaji kujua amri yoyote.

Mtego wa nne: kivinjari kinachojiulizia chenyewe. Tangu mwaka 2018 kuna utaratibu wa kutuma maswali ya majina ndani ya mawasiliano ya siri ya tovuti, DNS juu ya HTTPS, na mwaka huohuo Android 9 ikaleta mpangilio wa DNS ya faragha. Ni ulinzi mzuri kwa mtu wa kawaida, lakini unaweza kuipita sera yako kimyakimya. Dalili yake ni ya wazi: jina la ndani linafunguka kwa programu nyingine na kukataa kwenye kivinjari. Zima kipengele hicho kwa sera kwenye mashine za ofisi tu, na umweleze mtumiaji kwa nini. Kisa kinachofanana na hicho ni cha fundi aliyewahi kuandika 8.8.8.8, seva ya majina ya Google, kwa mkono kwenye laptopu ili intaneti iwe ya haraka. Namba hiyo hubaki pale miaka, ikipingana na kila kitu kinachokuja baadaye.

Mtego wa tano: jina lenyewe lilichaguliwa vibaya. Ofisi nyingi za zamani ziliita mtandao wao wa ndani ofisi.local, na hilo huleta mgongano, kwani .local imetengwa tangu mwaka 2013 kwa vifaa vinavyotafutana ndani ya chumba kimoja bila seva. Mac na simu nyingi huenda zisiiulize seva yako. Mwaka 2024 ICANN, shirika linalosimamia majina ya dunia, liliitenga .internal kwa matumizi ya ndani, nayo ni salama. Mimi bado napendelea tawi la jina unalolimiliki, kama ndani.mfano.co.ke, kwa kuwa hakuna atakayeweza kulidai kesho.

Kiambere ina masharti yake

Mengi ya haya yangeweza kuandikwa kwa ajili ya mji wowote. Mahali pana uzito wake, hata hivyo, na mpangaji asiyeujua atapanga vibaya.

Kwanza, mawasiliano hapa hutegemea zaidi mnara wa simu kuliko nyaya za nyumbani. Mawimbi hupungua na kurudi. VPN hukatika na kuunganika tena mara nyingi kwa siku, na kila mkatiko ni nafasi ya mpangilio wa majina kubaki nusu. Kosa baya kuliko yote ni hili: handaki limekufa, lakini laptopu bado imeagizwa iulize maswali yote kwa seva iliyo ng'ambo ya handaki. Hapo hakuna jina linalofunguka, la kazi wala la kawaida, na mtumiaji anaamini bando limekwisha. Ananunua lingine. Anayepanga kwa njia ya kwanza anawatoza watu wa mbali pesa kwa njia hii bila kujua. Kwenye mgawanyo, handaki likifa, majina ya ofisi tu ndiyo yanayokwama, na mtumiaji anabaki na WhatsApp ya kuomba msaada.

Pili, ukubwa wa vifurushi. VPN huongeza maneno yake juu ya kila ujumbe, ndiyo maana WireGuard hupunguza kipimo cha ujumbe mmoja hadi baiti 1420. Njia ya simu ikiwa nyembamba zaidi ya hapo, ujumbe mkubwa hupotea bila taarifa: jina linatafsiriwa, ukurasa unaanza kufunguka, kisha unaganda. Kushusha kipimo hadi 1280 hutibu hali hiyo mara nyingi. Kwa majibu ya DNS yenyewe, tangu mwaka 2020 wasimamizi duniani wamependekeza kikomo cha baiti 1232, kwa sababu hiyo hiyo.

Tatu, ofisi iwe na seva mbili za majina zinazofikika kupitia handaki, wala si moja. Aliye ofisini seva ikianguka atainuka aende chumba cha pili kuuliza. Aliye Kiambere hana chumba cha pili.

Kuna jambo la nne ambalo si la kiufundi, lakini ndilo lililonifanya nichague mahali hapa kwa sura hii. Kituo cha umeme cha Kiambere kilianza kazi mwaka 1988 na ndicho cha chini kabisa katika mlolongo wa mabwawa ya Seven Forks, baada ya Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Mitambo yake miwili, baada ya kuboreshwa, ina uwezo wa megawati 168. Kutoka hapo laini ya kilovolti 220 inateremka hadi Rabai kuihudumia Pwani. Bwawa lilifunika mashamba, na familia zilihama kulipisha. Nchi imechukua mengi kutoka kwenye nyanda hizi na kuyapeleka mijini, na vijana wake wamefuata njia ileile wakitafuta kazi. Tangu Machi 2020, ofisi nyingi zilipolazimika kufungwa, tumejua kwamba sehemu ya kazi hizo inaweza kurudi. Mhasibu, mkalimani, mwandishi wa programu, mhudumu wa wateja, wote wanaweza kukaa Kiambere na kulipwa mshahara wa Nairobi au unaozidi wa Nairobi. Ikiwa nafasi hiyo itapotea, ipotee kwa sababu nzito. Isipotee kwa sababu jina la seva liliulizwa mahali pasipofaa.

Maswali matatu ya kupima

Mfanyakazi wa mbali akisema mfumo haufunguki, usianze kwa kumwambia azime na kuwasha. Muulize mambo matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza: je, namba inafikika? Ajaribu ping 10.20.0.15. Isipojibu, kwanza hakikisha ukuta wa moto hauzuii ping. Kama hauzuii, tatizo ni la handaki au njia, na majina hayahusiki bado.

La pili: je, seva ya majina ya ofisi inajibu ikiulizwa moja kwa moja? Aandike nslookup hesabu.ndani.mfano.co.ke 10.20.0.53. Ikijibu, seva iko hai na njia iko wazi. Isipojibu, kagua AllowedIPs na mlango wa 53.

La tatu: je, laptopu yenyewe, ikiachwa iamue, inauliza panapofaa? Hapa uangalifu unahitajika, kwa kuwa nslookup haifuati jedwali la sera la Windows wala mafaili ya /etc/resolver ya Mac. Inaweza kusema jina halipo wakati programu zote zinaliona. Kwenye Windows tumia Resolve-DnsName. Kwenye Mac, dscacheutil -q host -a name. Kwenye Linux, resolvectl query. Ikiwa la pili limefaulu na la tatu limeshindwa, mgawanyo haujawekwa, au kuna kinachoupita: akiba ya zamani, kivinjari, au namba iliyoandikwa kwa mkono.

Maswali hayo huchukua dakika chache kwa simu, na mwisho wake fundi anajua kosa liko upande gani. Mara nyingi atagundua kwamba liko upande wake.

Ndiyo maana wajibu huu nauweka kwa ofisi, wala si kwa mtumiaji. Kabla laptopu haijakabidhiwa, fundi aitoe nje ya jengo, aiunganishe na hotspoti ya simu yake, awashe VPN, na afungue kila mfumo kwa jina lake kamili. Kisha aikate VPN na ahakikishe intaneti ya kawaida bado inaendelea. Kisha aiwashe tena na arudie. Laptopu iliyopita majaribio hayo ikubaliwe kwenda popote penye mnara. Ambayo haijapita isikabidhiwe kwa mtu yeyote, na asiambiwe mtu wa Mbeere kwamba ni mtandao wa kwao.